Mashine Iliyotembea Kanga

Kutoka Tunduma hadi Mafia nilitumia siku nne: basi, basi jingine mpaka Nyamisati, kisha boti hadi Kilindoni, kompyuta nimeipakata kama mtoto mchanga. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na programu moja niliyojifunza mwenyewe, ya kuigiza mwendo wa mashine. Unachora kila kipande, unakipa uzito, unaieleza kipi kinazunguka na kipi kinateleza, halafu unaitazama mashine ikienda kabla hujakata chuma.

Aliyeniita alikuwa na karakana ya kuchomelea hapo Kilindoni. Mama mkwe wake, huko kijijini Kanga, aliishi kwa kupika mafuta ya nazi, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimechoka kukuna. Isipopatikana njia nyingine, angeiacha kazi aliyoifanya tangu usichana.

Nikachora mbuzi ya kukunia nazi, ya kukanyaga kwa mguu: pedali, fimbo, gurudumu, kichwa chenye meno. Programu hutaka kwanza uitajie kitu kisichosogea. Nikataja sakafu. Kwenye skrini ilikwenda vizuri mno, nikajisifu siku mbili nzima.

Tukaiunda, tukaipeleka. Uani kwa yule mama ni mchanga mtupu. Akaketi kwenye kigoda, akakanyaga. Mashine ikatetemeka, ikaanza kuondoka. Akasogeza kigoda, ikasogea tena. Wakafika mlango wa jiko pamoja.

"Mwanangu, hii inakwenda wapi?"

"Nilijua haitasogea, mama."

"Nani alikwambia?"

"Kompyuta."

"Ilishawahi kukuna nazi?"

Mkwewe, ambaye kwa adabu hawezi kucheka mbele yake, akageuka kuangalia kuku.

Mama akavuta mbuzi yake ya zamani, akaikalia. "Hii umewahi kuiona ikitembea? Naikalia mwenyewe. Yako umeniweka mbali nayo kama mgeni."

Nikarudi Kilindoni, nikaifuta sakafu, nikaweka mchanga. Mashine ikatembea kwenye skrini vilevile kama Kanga. Katika mchoro wangu yule mama alikuwa mshale tu unaosukuma pedali. Sasa nikaunganisha kiti na fremu, nikamkalisha juu yake. Ila ilibidi awe na uzito. Nikampigia simu.

"Shikamoo mama. Naomba kujua kilo zako."

"Marahaba. Wanaopimwa kilo ni pweza."

"Ni kwa ajili ya mashine."

"Andika gunia moja la nazi, limejaa."

"Zilizofuliwa au zenye makumbi?"

"Ukiuliza tena, huku kwangu chai hupati."

Nikaandika zenye makumbi. Mashine ikatulia kwenye skrini.

Tukachomelea kiti. Alikuna nazi za chungu kizima, mkono wa kulia ukishika tu. Hakusema asante. Alisema kiti ni kigumu.

Mimi mahali hupapenda zaidi nikishaondoka, kwa hiyo baada ya miezi minane nilifunga begi. Asubuhi ya kuondoka kabisa nilipita Kanga kuaga. Nilimkuta amekalia mashine, jirani yake amesimama pembeni, anauliza nani aliyeibuni.

"Mimi," mama akajibu, mguu haukusimama. "Huyu alinichorea."

Jirani akanitakia safari njema. Nikapanda gari, sikubisha.