Siwezi Kumkata Baba

Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, baba wa baba. Ndiyo maana mzee wetu, tangu ndugu yangu alipozaliwa, alimwita "baba". Na hakuwa anatania. Tukiwa watoto hapa Ikutha tuliiba sukari pamoja, mimi nilichapwa, yeye akaambiwa, "Baba, hilo si jambo zuri." Haki ya Mungu, niliwachukia wote wawili siku hiyo. Na tukichinja mbuzi, mzee alimchomea figo kwa mkono wake mwenyewe, sisi wengine tukimeza mate.

Presha ndiyo iliyomaliza figo za mzee. Alikuwa akimeza dawa akijisikia vibaya, akipata nafuu anaziacha, kama wengi wetu. Miguu ilipovimba tukampeleka hospitali ya Mutomo, na kutoka huko tukaelekezwa Kitui mjini, kwenye mashine ya kusafisha damu. Kila wiki alienda, kila wiki alirudi amechoka kama punda wa maji. Mbuzi wakalia zizini, yeye hana nguvu ya kuwafungulia. Daktari akatuambia kwamba njia ya kumponya ni kupata figo ya ndugu wa damu.

Mimi nilijitolea wa kwanza. Nikakataliwa kwa sababu nina ugonjwa wa sukari. Ndugu yangu, anayefanya kazi Kiboko, alipimwa akaonekana anafaa kabisa. Mama akaanza wimbo wa kanisani palepale kwenye benchi la hospitali.

Mzee akakataa.

"Siwezi kumkata baba," alisema. "Nilimzika na viungo vyake vyote. Sasa nimpasue, nichukue figo yake?"

Daktari alimweleza kwamba mtu huishi vizuri na figo moja. Mchungaji akaja kuomba naye. Mzee aliwashukuru, akasema maneno yao ni ya kweli, ila hawajui huyu kijana ni nani kwake. Hapo nikapandwa na hasira. "Mzee, huyu ni mwanao! Babu alikufa kitambo!" Akaniangalia tu, uso umemvimba, akaniomba nimwekee chai. Hata chai yenyewe alikuwa anapimiwa kwa sababu ya figo, maskini.

Miezi ikaenda tukibembeleza. Ndugu yangu ni mtu mpole, na heshima aliyolelewa nayo ilimfunga mdomo. Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, alivuta kiti akaketi mbele ya mzee, akamwita vile babu angemwita: "Mwanangu."

"Mwanangu, mimi baba yako nimesema utapokea figo. Unanibishia?"

Mzee alicheka. Ai, jinsi alivyocheka! Kisha machozi yakamtoka, akainamisha kichwa. "Sikubishii, baba."

Tukapangiwa upasuaji Nairobi. Lakini mwili wake ulikuwa umeshachoka. Homa ilimwingia kabla ya siku yenyewe, vijidudu vikasambaa kwenye damu, akafia wodini Kitui, ndugu yangu akiwa bado njiani kutoka Kiboko. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini inaniuma, inaniuma mno, kwamba mila ileile iliyomfanya akatae ndiyo iliyomfanya akubali, na tulikuwa nayo nyumbani siku zote. Sisi tulishinda tukimletea madaktari na wachungaji, na kumbe mtu wa kumwamuru alikuwa ameketi pale kimya, anasubiri ruhusa.

Baadaye mke wa ndugu yangu alijifungua mvulana, mtoto wao wa kwanza. Jina lake mnajua ni la nani. Ndugu yangu humwita "baba", na mtoto akilia kidogo tu, chakula kinaachwa, mtu anakimbia. Majirani humcheka kwamba anamdekeza.

Juzi walikuwa kwangu. Mtoto akaamka chumbani akilia anataka maji, na ndugu yangu akaruka kutoka mezani mpaka akamwaga uji wangu wote. Zamani ningemgombeza hadi majirani wasikie. Nilimsikia kule ndani akimwambia, "Nimekuja, baba. Nimekuja. Leo sijachelewa."

Nikachukua kitambaa, nikapangusa meza.