Dohani ya Timotheo

Jirani yangu Timotheo, hapa Uyole, ni mtu wa sifa, na sifa zake nusura zimzike baba yake. Nasema wazi. Akisikia, na asikie.

Anauza vigae vya sakafu, kazi nzuri tu. Lakini siku moja alipeleka mzigo Iringa, akakuta nyumba ya watu ina dohani na moto unawaka sebuleni. Basi, akili ikamhama. Kurudi Mbeya akajenga ya kwake, ya mawe, tukaitwa mtaa mzima kuitazama. Masika ilipofika, mvua ikapita humo humo ikadondokea vigae vyake. Mwenye akili angeweka kofia ya bati juu. Yeye akapanda akaiziba kwa zege! Ikabaki pambo, kama kilemba kwenye kichwa kitupu.

Mwezi wa saba, na baridi yetu mnaijua, baba yake, Mzee Ambakisye, akaja kutibiwa magoti. Ametoka Kyela, kwenye joto. Ni Mnyakyusa wa zamani: kwake mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Tupokigwe, mke wa Timotheo, miaka yote ya ndoa hajawahi kusimama mbele yake. Chakula anakiweka mlangoni, anabisha, anakimbilia jikoni. Mzee anakohoa kuonyesha amesikia.

Jumapili hiyo Timotheo akajaza mkaa kwenye dohani ile ile aliyoiziba, akafunga madirisha yote, akamwacha mzee ndani na kusokomeza blanketi chini ya mlango. Mimi nilikuwa nimeleta viazi. Nikamwambia, "Fungua hata dirisha moja, moto huo utammalizia mzee hewa."

Akanicheka. "Mama Damari, mkaa ukikolea hauna moshi. Ninyi mmezoea mafiga, mambo ya dohani mtayajulia wapi?" Huyoo, akaenda zake kwenye kikao cha harusi. Ujuaji mwingi, mbele kiza!

Mchana Tupokigwe akabisha. Mzee hakukohoa. Akabisha tena, kimya. Aliniambia baadaye kwamba alisita pale mlangoni, maana kuingia ni aibu kwa ukoo mzima, na kutoingia ni msiba. Akausukuma mlango.

Niliposikia yowe nilikimbia, nikamkuta anamburuta mzee kwa makwapa kumtoa nje, barazani. Tukamlegeza shati, tukampepea, nikapiga simu kutafuta gari la kwenda hospitali. Mzee akatapika, Mungu mkubwa, akafumbua macho. Uso wa kwanza aliouona ni wa mkamwana wake. Maskini, akajifunika kanga usoni, akalia.

Hapo ndipo Timotheo akaingia getini. Unadhani aliuliza hali ya baba yake? Akamfokea mke: "Umemvunjia baba heshima! Nani kakutuma uingie?"

Mwe! Nilitamani nimzabe kofi. Mzee akainua mkono, kelele zikakoma. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, lakini tulimsikia sote.

"Ndaga, asante, mwanangu. Jifunue uso," alimwambia Tupokigwe. Kisha akamgeukia Timotheo. "Nisiyetaka kumwona ni wewe. Gari likija, napanda na huyu."