Meza ya Watu Wawili, Jumatano ya Majivu

Mshonaji alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, na mdomo wake haukuwa na breki. Wiki nzima aliwapasha wanawake wenzake: mwaka huu siku ya wapendanao imeangukia Jumatano ya Majivu, kwa hiyo atakayeonekana hotelini ajue ana kesi na Mungu, na akitoka kwa Mungu anakuja kwangu. Walicheka, lakini ujumbe uliwafika.

Jumanne jioni mumewe, seremala, akaingia na vumbi la mbao kichwani, akasimama mlangoni kama mtu aliyevunja sahani.

"Mama, kesho tunatoka. Nimeshalipia meza ya watu wawili. Kuku mzima."

Mshonaji aliacha kushona. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, bwana huyu hakuwahi kumpeleka popote. Kila akiombwa, jibu lilikuwa "baadaye", mpaka mashemeji wakambandika jina la Mzee Baadaye. Na siku aliyojaliwa kuzinduka, akaiokota hiyo hiyo ya Majivu! Kalenda ya parokia ilikuwa ukutani, juu ya cherehani, na yeye huipita kila asubuhi akitafuta viatu.

"Baba, kesho tunafunga. Tusogeze mpaka keshokutwa."

"Nikisogeza, najijua. Sitarudi tena."

Hapo akakwama. Akikataa, atamvunja moyo mtu aliyejikaza miaka yote hiyo. Akienda, atawatazama vipi wale wanawake?

Alikwenda. Alivaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, na msalaba wa majivu hakuufuta kwenye paji la uso, ingawa aibu ilimjaa tele. Mhudumu alipoleta kuku, mshonaji aliomba supu ya mboga na mkate, mlo wake mmoja wa siku ile. Seremala akaisogeza sahani pembeni.

"Na mimi nipe hiyo hiyo. Kuku mtufungie, tutamla kesho."

Walikula supu. Kisha mshonaji akauliza kwa ukali, maana ndiyo sauti aliyoizoea: "Hivi wewe, umeingiwa na nini?"

"Si wiki iliyopita nilitengeneza jeneza la yule fundi rangi wa karakana yetu? Mkewe alikuja kulichukua. Akaniambia, 'Mume wangu alikuwa ameniahidi tutatoka, akishamaliza kazi moja tu.'" Seremala aliweka kijiko chini. "Tulipotoka kuzika nikapita hapa. Wakasema meza iliyobaki ni ya Jumatano. Sikuuliza Jumatano gani. Niliogopa kufika nyumbani kabla sijalipa."

Hasira yote ikamwisha mshonaji. Aliushika mkono wa mumewe juu ya meza, mgumu kwa gundi na makovu ya msumeno, na machozi yakamlenga. Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wanawake wawili wa jumuiya yake na waume zao, wakamwona, wakaganda.

Hakuuachia ule mkono. Kwa mkono mwingine akawavutia viti.