Spika Iliyonisikia Nikizungumza na Baba Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bibi harusi mbichi kwenye nyumba ya kupanga hapa Kariakoo, kuta za vyumba hazifiki juu. Nikamsikia jirani, Bi Mwanaidi, akimnung'unikia mumewe kuwa mgongo unamuuma. Mimi na kiherehere changu nikabeba dawa ya kuchua, hodi mlangoni kwake. Akaipokea, akanikalisha mkekani, akaniambia:

"Mwanangu, humu tunasikiana mpaka anayejigeuza kitandani. Lakini la chumbani kwa mtu hujalisikia, mpaka aje akwambie mwenyewe."

Nikarudi kichwa chini. Na dawa hakunirudishia.

Nyumba ile ilishavunjwa, likapanda ghorofa, nami naishi humo humo juu. Mimi mtu wa ndani. Kufika Mnazi Mmoja tu naaga kama naenda Hija. Baba Zuhura ndiye alikuwa akinitania hivyo, Mungu amrehemu. Nimebaki peke yangu, basi binti yetu Zuhura akaniletea kutoka Dodoma spika ya kuongea nayo. Naiambia iwashe taa, inawasha. Naipenda, hainibishii.

Sasa, kila alasiri nikimimina chai huwa namsimulia Baba Zuhura habari za mtaa. Najua amefariki, akili ninazo bado, hizi zilizobaki. Siku moja Zuhura akapiga simu, sauti imembadilika.

"Mama, nani huyo unamwambia chai inapoa?"

Kumbe spika ile, kila ilipodhani nimeiita, ilihifadhi maneno yangu, naye huko aliko anayasoma kwenye simu. Tangu hapo nikawa nakunywa chai kimya. Mwanangu, nilifiwa mara ya pili.

Zuhura alipokuja Idi nikamweleza yote, na ya Bi Mwanaidi pia. Akainama. Akasema aliogopa kwamba naanza kuchanganyikiwa, akaona aibu kuniuliza waziwazi. Akafuta yaliyohifadhiwa, mbele yangu. Kisha akakishika kidole changu, akakiweka kwenye kitufe cha kuizima isisikie. Taa nyekundu ikawaka. Nikaiita, nikaifokea, kimya kama mkwe mpya.

Ndipo nikamimina chai, nikamwambia Baba Zuhura binti yake amenenepa. Zuhura akatoka taratibu, akasimama roshanini, akanigeuzia mgongo, la chumbani kwangu hajalisikia.

Basi mwanangu, ukimwekea mzazi mashine hizi, mwambie zinasikia nini na nani anayasoma hayo. Mfundishe kuzizima kwa kidole chake, si chako, na urudie bila kuguna, maana tunasahau. Ukiwa na hofu naye, muulize yeye, usiiulize mashine.

Mungu akujalie uzee wenye mtu wa kumkumbuka, na chumba cha kumtajia jina lake kwa sauti, bila kuchungulia nani anasikia.