Mlisema Sisi Ndio Wengi

Juzi nilishuka Olympic, kituo cha Kibera, nikakata kona kuelekea Sarang'ombe, na harufu ya omena ikikaangwa ikanisimamisha njiani. Wewe uliyekulia huku unaijua. Mimi hunirudisha kwenye chumba cha dada yangu mkubwa, miaka ile ya sabini, tukila ugali na mrenda kwenye sahani moja.

Kwetu ni Kawangware. Baba alikuwa na shamba na vyumba vya kupangisha. Dada akampenda mpangaji wetu, seremala kutoka Magharibi mwa Kenya, akamfuata Kibera. Alijifunza kupika chakula chao na kuongea lugha yao. Haikusaidia. Alipopita, wanawake wa ploti walianua nguo zao kwenye kamba. Mferejini debe lake lilisogezwa nyuma kila mara. Walimwita mwizi, mtoto wa wenye ardhi.

Baba alikwenda kushtaki kwa chifu mdogo. Yule mzee, mtu wa kabila letu, alicheka hadi akafuta macho.

"Nyinyi ndio wengi," alimwambia. "Nani atawaonea nyinyi?"

Wazee waliokuwa barazani wakacheka pia. Na nikwambie ukweli, nyumbani nyanya yetu aliwaita wapangaji majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hakuna aliyemkemea.

Jumamosi moja ya mvua mama alinituma na githeri, mahindi na maharagwe, kwa dada. Nilimkuta ameshika ukingo wa kitanda, uchungu wa uzazi umemshika kabla ya wakati wake. Shemeji alikuwa kazini, mbali. Nikakimbia kwa mkunga, vyumba vichache kutoka pale. Alikuwa akichambua mboga mlangoni. Alinitazama, akaendelea kuchambua.

"Aende kwa watu wake," akasema. "Si ni wengi?"

Nilibisha milango mingine. Hakuna aliyefungua. Mwishowe mzee mmoja muuza maji akashusha madebe yake, tukampakia dada kwenye mkokoteni, tukasukuma kwenye matope hadi barabarani. Mtoto alizaliwa kabla hatujapata gari. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Baba alirudi kwa chifu mdogo. Safari hii hakuna aliyecheka, lakini jibu halikubadilika sana: watoto hufa hata mikononi mwa mkunga, na kesi ya maneno ya mtaani haina pa kuandikwa.

Tulimzika mtoto shambani kwetu. Nyanya alimkataza shemeji asiingie. Alisema wapangaji hawazikiani na wenyeji. Basi yule baba wa mtoto alisimama nje ya ua wa kayaba, kofia mkononi, akitazama kupitia miiba. Dada aliona. Kaburi lilipofunikwa alitoka langoni, akasimama karibu naye, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwita arudi.

Hawakudumu pamoja. Mambo yalikuwa mazito kuliko watu wawili.

Ua wa kayaba uling'olewa zamani. Shamba liliuzwa, sasa ni ghorofa, na humo wanaishi watu wa kila kabila. Dada ni mzee. Mara mojamoja huniomba nimpeleke pale tulipomzika mtoto. Mlinzi hutufungulia bila kuuliza. Dada huhesabu hatua kutoka ukutani, husimama kati ya tangi la maji na kamba za nguo, na wapangaji humpita wakimsalimia, wakidhani amekuja kutafuta nyumba.