Kifurushi cha Vinywaji Melini

Juzi nilikuwa kwa wakala wa safari hapa Songea mjini, nikisubiri tiketi yangu ya basi. Mbele yangu walikaa mzee na mkewe kutoka Peramiho. Binti yao anayefanya kazi ughaibuni amewalipia safari ya meli ya kitalii, wiki nzima baharini.

"Baba, niwawekee na kifurushi cha vinywaji?" dada wa kaunta akauliza. "Mnalipa mara moja, mnakunywa mpaka safari iishe."

Mzee akavua kofia. "Hata bia?"

"Bia, mvinyo, chochote."

"Weka!"

Mkewe akamshika mkono. "Baba watoto, wewe kikombe kimoja tu cha ulanzi unasinzia. Ukinywa mpaka safari iishe, hiyo bahari nitaitazama na nani?"

Mzee akairudisha kofia kichwani. "Mwanangu, futa," akamwambia dada. Kisha akanong'ona, "Lakini soda je?"

"Soda nitakununulia mimi," mama akajibu, na mkono hakuuachia.

Kwa mnywaji hodari, huenda kifurushi kile kinalipa. Kwa mwenye mwenza anayetaka kuongea naye, sidhani.