Siki Iliyoganda Bombo

Mzee Aminiel wa Bombo ni mtu wa kemia. Usicheke. Ujanani alifagia maabara ya shule ya sekondari kwa miezi minne, na elimu yote ikamwingia kupitia mpini wa fagio. Tangu hapo hakuna sabuni, mbolea wala dawa ya mbuzi iliyopita kijijini bila yeye kuinusa, kukunja uso na kutoa hukumu. Watu wakamwita Mkemia. Yeye, masikini, akadhani wanamheshimu.

Mkewe, Dorkasi, anatengeneza achari ya pilipili na tangawizi. Julai hii alimtuma mjini Hedaru, chini ya milima yetu, amletee chupa sita za siki, ile ya kawaida ya kutilia kachumbari. Mkemia akarudi na dumu la lita tano la asidi ya siki yenyewe, kali, haijachanganywa na tone la maji. Siki ya chupa, alisema, ni ya watoto. Sefu, mwenye duka la malighafi za sabuni, alikuwa amebandika karatasi kwenye dumu, kwa Kiswahili, herufi kubwa: kwenye baridi inaganda, mvuke wake unashika moto, weka mbali na jiko, inaunguza ngozi na macho, vaa glavu, ukitaka kuipunguza makali, mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Aminiel hakuisoma. Kusoma karatasi ni kazi ya wasiojua.

Jioni hiyo alimimina kidogo kwenye chupa ya soda, akainusa, machozi yakamtoka, akasema hiyo ndiyo dalili ya ubora. Asubuhi, baada ya usiku mmoja wa baridi yetu ya Julai, dumu na chupa vyote vilikuwa vimeganda, vyeupe.

"Tumeibiwa!" akapiga kelele. "Huyu kaniuzia mafuta ya nazi! Kinachoganda ni mafuta, Mama Edgar. Asidi haigandi. Mimi nimekaa maabara!"

Akatoa maagizo. Dumu lisogezwe kwenye mafiga, kuni zichochewe, liyeyuke ili kijiji kizima kione mafuta. Yeye anashuka na chupa kumwaibisha mwizi. Dorkasi akasema haya, akaendelea kumenya tangawizi.

Pikipiki ikashuka, koti likavuliwa, jua la Hedaru likafanya kazi yake. Mkemia alisimama mbele ya duka, kati ya wauza vitunguu na abiria wa mabasi, akainua chupa juu.

"Watu wa Hedaru, tazameni mafuta ya Sefu!"

Watu wakatazama. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu kiangavu, chepesi, kinachocheza kama maji ya kunywa. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata.

"Shikamoo, mzee," akasema Sefu.

Marahaba haikutoka. "Iliganda!"

"Lazima igande kwa baridi yenu. Chini ya nyuzi kumi na sita hivi inaganda, ikipata joto inayeyuka. Ndivyo ilivyo. Nimeandika kwenye karatasi, mzee."

Mwenye akili angenunua soda, akapanda pikipiki, akarudi. Wetu alifungua kizibo. "Basi sasa ni maji. Tazameni maji haya," akajimiminia kiganjani.

"Mzee, usi..."

Lo! Kiganja kikawa cheupe, na Mkemia akatoa sauti ambayo kwaya yetu ya Kilutheri imeitafuta miaka yote. Sefu akamkamata kifundo cha mkono, akamvuta bombani.

"Dakika ishirini. Usiutoe." Kisha akauliza, "Na dumu lenyewe liko wapi?"

Aminiel akageuza macho kuelekea mlimani.

"Mzee. Dumu liko wapi?"

"Jikoni," akasema. "Kwenye mafiga."

"Nani yuko nyumbani?"

Hapo kemia ikamwisha. Mkono wa kulia bombani, wa kushoto kwenye simu, akapiga. Ikaita weee, haikupokelewa. Akapiga mara tisa. Sefu hakumwachia hata alipomsukuma, na kwa dakika hizo ishirini mzee alimwona mkewe akiinama kuchochea kuni kama alivyoagizwa, tena na tena. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Njia nzima ya kupanda, mkono ukiwa ndani ya kitambaa kibichi, alimwahidi Mungu mambo mengi, likiwemo la kusoma karatasi.

Moshi ulikuwa unatoka juu ya jiko lao. Alishuka pikipiki kabla haijasimama.

"Dorkasi! Dorkasi wee!" Miaka ishirini na tisa alikuwa hajamwita kwa jina.

Alimkuta nyuma ya nyumba, upande usio na jiko, miwani puani, glavu mikononi, kanga imefunga mdomo na pua. Dumu lilikuwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, limeyeyuka lote.

"Unaniitia nini hivyo? Simu iko ndani. Na mkono una nini?"

Mzee akakaa chini kwenye vumbi, akalia waziwazi, bila aibu.

"Nilikwambia uweke kwenye mafiga."

"Nilisikia."

"Hukuweka."

Dorkasi akavua glavu, akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Baba Edgar," akasema, "ningekuwa nafanya unayoniambia, ungekuwa umeshanizika zamani."